Simama ku ukuta

Ukitaka kwenda kukaa ng'ambo moja kwa moja, lazima kwanza wakupime: damu, mkojo, kifua. Asiyepimwa haendi, na walio kwenye dosiye yake, faili la safari, hawaendi. Kwenye yetu tulikuwa wawili, mimi na mjukuu wangu wa kike, niliyemlea kambi ya wakimbizi ya Nakivale tangu mama yake afe. Alikuwa ameshawagawia majirani sufuria zetu.

Basi lilitutoa kambini asubuhi mpaka kliniki moja ya Mbarara. Damu walitoa. Kisha nikaingizwa peke yangu kwa mwanaume wa mashine ya kifua. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Uganda, cha askari.

"Toa nguo ya juu. Simama kwa ukuta. Usigeuke."

Nikasimama.

"Usipumue. Napiga moja tu."

Bwana yangu, kule Kivu ya Kusini, walimsimamisha ku ukuta wa nyumba yetu, shati wamemvua, uso ku matofali. Maneno yalikuwa yale yale. Wakapiga moja, kisha wakapiga mingi. Ubongo wake niliufuta ku mlango kwa kitenge changu. Majina yao wote nayajua, hata ya ubatizo, maana walikuwa vijana wa kwetu. Siyaandiki hapa.

Niligeuka. Nilikamata kiti cha chuma nikampiga nacho mdomoni. Akaanguka, nikampiga tena. Damu ikamwagika ku koti lake jeupe. Ilinipendeza, sisemi uongo.

Watu wakaingia wakanikamata mikono. Daktari, mwanamke, akasema: "Mtu anapiga wafanyakazi, naandika kichwa yake ni mgonjwa. Dosiye inasimama."

Mjukuu wangu, aliyesikia yote mlangoni, akapiga magoti. "Daktari, koko, bibi yangu, hana wazimu. Alisikia 'napiga'. Babu walimpiga risasi vile vile."

"Picha!" Yule mwanaume alilia pale chini, jino mkononi, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. "Kaaka, napiga picha!"

"Si ungesema picha?" nikamwambia. "Mdomo ulikuwa nao."

"Nilikuwa nao mpaka wewe ukaingia!"

Daktari hakucheka. "Ukisimama kwa ukuta sasa hivi, kichwa siandiki."

Nikarudi ku ukuta. Mlango ukafungwa. Mkojo ukanitoka. Nyuma yangu alisema, kitambaa mdomoni, "Picha, kaaka. Picha tu." Mashine ikalia. Nikangoja kuanguka.

"Imeisha. Pumua."

Sikuweza. Ilibidi aje anigeuze mwenyewe, kwa mkono wenye damu, ndipo nikavuta hewa. Kwenye karatasi daktari aliandika kifua. Kichwa hakukigusa.