Jani la Sale Ndani ya Kitabu cha Kiyunani

"Mzee, nikuwekee vyote?" aliniuliza mama muuza vitabu vya mtumba, nyuma ya stendi ya Same, nami nikajibu, "Niwekee."

Ni neno moja tu. Ningesema hapana, nikaenda kununua sukari iliyonitoa nyumbani, leo nisingekuwa na cha kuandika, na ningeshukuru.

Vilikuwa vitabu saba vya tanzia za Wayunani wa kale. Vilikuwa vimekuja ndani ya belo la vitabu vya watoto na vya mapishi kutoka Ulaya. Majalada yalikuwa ya kitambaa cha bluu kilichopauka, na ndani mlikuwa na muhuri wa maktaba ya mbali uliosema kwamba vimeondolewa rafuni. Mama alivipanga juu ya turubai kando ya kamusi zilizochanika. Niliinama, nikafungua kimoja. Juu ya ukurasa, maandishi ya Kiyunani. Chini yake, mistari ya herufi ndogo kama sisimizi ikieleza kwamba mswada huu wa kale unasema hivi na ule unasema vile. Nyuma, maelezo ya wataalamu kwa Kiingereza, marefu kuliko mchezo wenyewe.

"Hivi si vya uganga?" mama akauliza. "Nimeogopa hata kulala navyo nyumba moja."

"Si vya uganga. Ni michezo ya kuigiza."

"Michezo gani isiyo na picha hata moja?"

Nilimwambia nitachukua viwili. Akacheka, akanirudishia mkono wangu kama mtu anayemwondoa kuku kwenye unga. "Hapana, mzee wangu. Ukitoa viwili, vitano nitamuuzia nani? Uchukue vyote au niwape wauza karanga. Karatasi yake laini, inakunjika vizuri. Wananisubiri."

Nikaziona karanga zimefungwa kwa zile kurasa. Ndipo nikasema niwekee, na kumwomba wiki moja.

Lazima nieleze kwa nini karani mstaafu wa shamba la mkonge atamani vitu kama hivyo. Nilisoma hadi kidato cha nne katika shule ya mapadri. Mwalimu wetu wa Kilatini, mzee wa Kizungu mwenye kikohozi, alitufundisha sisi wanne herufi za Kiyunani siku za Jumamosi, akitusimulia tanzia hizo kana kwamba zimetokea kijiji cha jirani. Alisema katika michezo ile kifo hakionyeshwi jukwaani. Huja mjumbe kusimulia kilichotokea ndani ya nyumba, na wewe umechelewa. Mimi nilishindwa mtihani, nikashuka kwenye mkonge, nikakaa miaka mingi kuita majina ya vibarua kila alfajiri. Herufi zile sikuzisahau. Nilikuwa nikiziandika pembeni mwa daftari la mahudhurio, mtu akiuliza namwambia ni saini. Basi nilipoviona vile vitabu, niliona elimu niliyonyimwa imenifuata hadi Same. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Hakuna aliyeninyima, sikusoma vya kutosha.

Pensheni yangu isingetosha. Kilichokuwepo ni mti.

Kwetu ni Msangeni, milimani. Baba alitugawia shamba mimi na kaka yangu, tuliozaliwa wawili tu, na mpaka akaupanda masale, mimea ile ya majani marefu membamba. Mringaringa mmoja mkubwa ulisimama upande wangu, hatua mbili tu kutoka kwenye masale hayo. Kwa karatasi ulikuwa wangu. Lakini kahawa iliyokuwa chini ya kivuli chake ilikuwa ya kaka, na mizinga mitatu iliyoning'inia matawini ilikuwa ya kaka, na aliyekuwa akikaa chini yake mchana akitengeneza mpini wa jembe alikuwa kaka. Mimi niliuona kila Krismasi.

Nilimpigia simu mpasua mbao wa Lembeni, nikamuuzia. Sikumpigia kaka. Siwezi kusema nilisahau. Nilijua angejibu nini, ndiyo maana sikumpigia.

Alinipigia yeye, siku ya tatu. Nilikuwa barazani na kitabu cha kwanza mapajani.

"Umekata mti."

"Kaka, shikamoo."

"Umekata mti, nauliza, umenunulia nini?"

"Vitabu."

"Vya shule? Una mtoto wa shule wewe?"

"Vya Kiyunani. Vya zamani sana."

Nilisikia nyuki nyuma yake, au labda ni simu. Kisha akauliza taratibu, "Na humo ndani kuna nini?"

"Watu wanakufa."

"Nani anakufa?"

"Karibu wote," nikasema, nikijiona mcheshi.

"Haya," kaka akasema. "Kaa na marehemu wako." Akakata.

Tulikaa miaka miwili bila kusemeshana. Krismasi sikupanda. Mke wangu alikwishafariki na watoto wako Dar es Salaam, kwa hiyo hapakuwa na wa kunishika bega aniambie nenda. Nilijiambia kwamba yeye ndiye aliyenitukana. Niliisema sentensi hiyo mara nyingi hata ikaanza kuonekana ya kweli.

Na katika miaka hiyo, niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Kila asubuhi niliweka meza barazani, kitabu kulia, kamusi kushoto, chai katikati. Ukurasa mmoja ulinichukua wiki. Kuna neno moja ambalo wataalamu walilijadili kurasa nne, huyu akisema mwandishi wa kale alikosea herufi, yule akisema mwenzake ndiye hajui kusoma. Nikacheka peke yangu, maana ilikuwa sawasawa na kumsikiliza Mpare na jirani yake kwenye baraza la ardhi. Mtu aliyevimiliki vitabu hivyo zamani alikuwa ameandika kwa penseli pembezoni. Nilimzoea. Alipoweka alama ya kuuliza, nami nilisimama hapo nikauliza. Nilikuwa na mazungumzo marefu na mtu nisiyemjua, aliyekufa pengine, wakati kaka yangu yuko hai, mwendo wa saa tatu tu kutoka kwangu.

Siku moja ya gulio, shemeji, mke wa kaka, akabisha hodi. Alikuwa ameshusha ndizi. Aliniwekea mkungu mmoja mlangoni, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mgeni wa ofisini, kisha akafungua kitenge chake kiunoni na kutoa jani la sale, bichi, limefungwa fundo katikati.

Kwetu jani hilo halina maelezo mengi. Aliyekosana nawe akikutumia sale lenye fundo, anaomba yaishe. Hulikatai, hata kama alikuulia ng'ombe. Unalipokea kwa mikono miwili, unakwenda kwake, unalifungua fundo mbele yake, mnakula.

"Amelifunga mwenyewe," shemeji alisema. "Amesema lile neno la marehemu halikuwa zuri. Analirudisha."

Nililipokea kwa mikono miwili. Kilichonishika hakikuwa hasira. Ni kwamba sale lile lilipaswa kutoka kwangu. Mkosaji ni mimi, mdogo ni mimi, na mkubwa wangu ndiye aliyeinama kukata jani kwenye mpaka uleule.

"Mwambie nitapanda."

"Lini?"

"Wiki ijayo. Kuna kitu namalizia."

Alitazama meza. "Hicho?"

"Zimebaki kurasa chache, shemeji."

"Shemeji, jani likikauka mkononi mwako watu watasemaje?"

"Halitakauka."

Aliinuka, akajifunga kitenge. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kuongeza neno, akalimeza. Alipoondoka niliketi mezani. Nilikuwa karibu na mwisho wa mchezo, pale mjumbe anapoingia lakini hajaanza kusimulia. Nilitafuta kitu cha kuwekea alama ukurasa niende nikachemshe ndizi. Jani la sale ni refu, jembamba, laini, linakaa vizuri ndani ya kitabu kuliko karatasi yoyote. Nikaliweka. Fundo lilifanya kitabu kisifunge sawasawa, nikakikandamiza na kamusi.

Wiki ijayo haikufika. Si kwamba barabara ilikatika. Ilikuwa kavu na mabasi yalipanda kila siku. Si kwamba nauli ilikosekana. Nilikuwa naona haya, na haya ilipata kitabu cha kujifichia. Kila asubuhi nilikifungua, nikaliona jani, nikalitoa nikaliweka kando kwa heshima, nikarudia mistari ileile mitano, nikalirudisha. Nilitaka kumaliza ili nipande moyo ukiwa mweupe, nimwambie kaka, vile vitabu nimemalizana navyo, basi. Nilipanga hata maneno. Katika wiki ya tatu jani lilikuwa limegeuka rangi ya majani ya chai.

Simu ililia saa nne asubuhi. Shemeji hakusalimu.

"Ameondoka," alisema.

"Kwenda wapi?" Hilo ndilo nililouliza. Ninaliandika kama lilivyo.

Ndipo akanieleza kwamba kifua kilikuwa kimemshika kaka tangu kabla ya siku ile aliyoshuka na ndizi. Hospitali walikwishasema hatapona.

"Mbona hukuniambia, shemeji? Ulikaa hapa kwangu!"

"Alinikataza. Alisema ukijua anaumwa utapanda kwa ajili ya ugonjwa. Alitaka upande kwa ajili ya sale."

Nilipanda siku hiyohiyo. Basi lilipita Lembeni, likapita kwenye mbao zilizopangwa kando ya barabara zikikaushwa, nikatazama upande wa pili. Njia ya mlimani sikuiona kabisa. Nilipofika, kitu cha kwanza nilichokiona ni kisiki changu, na kahawa iliyozunguka kisiki imekuwa ya njano kwa jua, na mizinga mitatu imeegemezwa ukutani mwa nyumba, mitupu. Watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi uani, na kwa sababu hapakuwa na kivuli tena walikuwa wamefunga turubai kutoka kwenye paa la nyumba hadi kwenye masale ya mpakani.

Shangazi yetu, dada wa baba, ndiye aliyebaki mkubwa katika ukoo. Siku ya maziko aliniita mbele ya watu kabla ya kwenda kaburini. Aliniuliza kwa Kigweno, lugha ya kwetu ambayo sikuwa nimeulizwa kitu kwayo kwa miaka miwili.

"Sale la kaka yako liko wapi?"

"Lipo, shangazi. Lipo nyumbani."

"Nyumbani wapi? Umelitundika?"

"Lipo kwenye kitabu."

"Biblia?"

"Hapana, shangazi."

"Kitabu cha nyimbo?"

"Hapana."

Nilikuwa na maneno mengi sana kuhusu vitabu vile. Ningeweza kueleza miswada, na herufi zilizokosewa, na kwa nini mjumbe huchelewa. Hakuna hata moja lililosemeka pale.

"Fundo umelifungua?"

"Sijalifungua."

"Basi kaa nyuma," shangazi alisema, si kwa ukali. Udongo wa kwanza, ambao mimi ndugu yake wa pekee ndiye niliyepaswa kuutia, ulitiwa na mtoto wa baba mdogo, niliyemwimbia mimi nyimbo za kulala alipokuwa mchanga. Mimi nilisimama nyuma ya wanawake, karibu na migomba, na nilichokiona cha maziko ya kaka yangu ni migongo ya watu.

Nimerudi Same tangu wakati huo. Mama muuza vitabu aliniita juzi kutoka ng'ambo ya barabara. "Mzee wa Kiyunani! Shikamoo! Nimepata kingine cha aina yako, nikuwekee?" Nikamwambia, "Usiniwekee." Alishangaa, akaniuliza kama naumwa. Neno lile lilitoka kirahisi sana. Nilisimama pale stendi watu wakinipita, nikifikiri jinsi lilivyo jepesi.

Nilimwomba anunue vile saba. Alikuja nyumbani, akavipekua, akasema vimechakaa, atavichukua kwa ajili ya wauza karanga. Alipofika kwenye kile chenye jani nilimzuia mkono. Hakuvichukua. Viko mezani. Jani limekauka kabisa, limeacha doa la kahawia kupita katikati ya mistari ya Kiyunani, juu ya maandishi ya penseli ya yule mtu. Fundo halifunguki tena, ukiligusa litavunjika. Sijui mjumbe alisimulia nini, kwa maana sikusoma zaidi ya hapo na sitasoma.

Watu wa hapa mtaani huniuliza vitabu hivi vilinigharimu kiasi gani, kwa kuwa vinaonekana vya thamani. Huwa nataja bei ya mti, nao huguna. Si kweli. Vilinigharimu kaka yangu. Alikuwa amekwisha kunisamehe, akawa ananisubiri wiki tatu akiwa hai, nami sikwenda.