Msasa Juu ya Ubao

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani mpaka leo. Nilikuwa nimechuchumaa uani kwetu Barani, pale Malindi, kando ya gari la baba, nina kipande cha msasa mkononi, nasugua ubao. Sikuwa na haja na ubao ule. Nilikuwa nausugua ili baba asikie.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Baba yangu alikuwa dereva. Gari lake, la rangi ya kijani, liliundwa kabla mimi sijazaliwa, naye alilinunua kwa mkulima mmoja wa kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Miaka mingi alibeba abiria kati ya Malindi na Mombasa, na pale kwenye kivuko cha Kilifi hakuna asiyelijua gari lile, kwa sababu mbele ya boneti palikuwa na ndege wa chuma aliyekunjua mbawa, na ubavuni kanda nyembamba zilizong'aa. Madereva wenziwe wakamtania kwa kumwita Baba Ndege. Kisha macho yakaanza kumzimika. Kwanza yalikataa usiku, halafu pembeni, mwisho yakafunga kabisa. Gari likaingizwa bandani, na hewa ya chumvi ikalila taratibu.

Miaka ya themanini, nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, dada yangu Zuhura akaposwa na watu wa Mtwapa. Baba alisema neno moja tu: "Zuhura ataondoka nyumba hii kwa gari langu."

Tukalitoa bandani. Injini ilifufuliwa na Mzee Kazungu, fundi na rafiki wa baba wa siku nyingi, aliyekuwa akija kila alasiri kutoka ng'ambo ya barabara. Bodi ikanyooshwa, ikapakwa rangi. Ikabaki kazi moja, nayo baba akanipa mimi: zile kanda za ubavuni, yule ndege, na herufi za jina la gari kule nyuma.

"Kazungu ana macho, lakini mkono wake umezoea nyundo," akasema. "Wewe mkono wako ni mwepesi. Na macho yangu sasa ni wewe."

Mwingine angefurahi kuambiwa hivyo. Mimi maneno yale yalinibana kama shati dogo. Vijana wenzangu walikuwa wameshapata kazi kwenye mahoteli ya ufuoni, kila jioni wanapita mbele ya nyumba yetu wamenyoosha mashati, na mimi niko chini natoa kutu kwa mswaki wa meno. Hoteli moja ilikuwa imeniahidi kazi ya udereva, nikaambiwa nifike Jumatatu, nisipofika atachukuliwa mwingine. Basi sikutulia. Nikikaa goti linatikisika, nikisimama natazama mlango wa uani.

Na kazi ile haikumtaka mtu wa hali hiyo. Ndege ilibidi afunguliwe nati zake mbili kwa chini, aoshwe kwa mafuta ya taa, asuguliwe kwa msasa laini na maji mpaka kutu yote iishe, apakwe rangi ya kwanza, ikauke, ndipo aje apakwe ya pili. Herufi zilikuwa na vifereji vilivyojazwa rangi nyekundu. Unavijaza kwa burashi nyembamba, kisha unafuta kingo kwa kitambaa chenye tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kabla rangi haijashika. Mikono yangu iliyaweza yote hayo. Kungoja ndiko kulikonishinda.

Baba alikuwa akikaa barazani kutwa nzima, akisikiliza.

"Umeanza msasa?"

"Nimeanza, baba."

Na hapo ndipo nilipouvuta ule ubao. Nilisugua kwa nguvu, nikipumzika na kuanza tena, kama mtu anayefanya kazi ya haki, huku ndege wa watu yuko pembeni na kutu yake. Siku tatu nilifanya hivyo. Kila siku baba aliniuliza, na kila siku nikamjibu. Siku ya pili aliuliza mara mbili, tena kwa upole, kama anayenifungulia mlango. Sikuuona mlango huo.

Jumapili nikapaka kila kitu kwa mkupuo mmoja. Rangi nzito, juu ya kutu, upepo ukipuliza vumbi la uani. Kwa mbali palipendeza. Nikaenda barazani. "Baba, nimemaliza."

Akaniomba mkono. Nikampeleka mpaka mbele ya gari, akanyoosha vidole vyake akampapasa ndege. Alianza na mdomo, akashuka shingoni, akafika kwenye mbawa, akasimama hapo muda mrefu.

"Alikuwa na manyoya," akasema. "Mistari midogo, unaweza kuihesabu. Iko wapi?"

Akazunguka gari akishika kanda, akagusa herufi kule nyuma. Vidole vyake vikarudi na rangi mbichi.

"Kutu iko palepale chini," akasema. "Msasa wa chuma na msasa wa ubao, mwanangu, hailii sauti moja. Nimejua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakungoja useme."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga. Alishika ukuta akarudi barazani peke yake.

Mchana ule tulikula samaki. Nilimchambulia baba kama nilivyozoea, nikamwekea mbele yake, nikamwambia hana miba. Baba akaisukuma sahani kwa dada yangu.

"Zuhura, nitazamie."

Mwanangu, nimeshafukuzwa kazi, nimezika wapendwa, lakini sijui kama kuna kilichoniingia kama maneno yale mawili. Zuhura alipekua samaki, akaona hana mwiba hata mmoja, akamwambia. Ndipo baba akala. Toka siku ile, nikimwambia kumekucha humwuliza Zuhura. Nikimwambia shati ni safi hungoja Mzee Kazungu afike athibitishe. Niliyekuwa macho yake nikawa mtu wa kutazamiwa.

Jumatatu sikwenda hotelini. Si kwamba nilikuwa mwema ghafla. Nilifika mpaka mlango wa uani, nimevaa, nikarudi, nikatoka tena. Mwisho nikavua shati nikachukua tina nikaanza kuondoa rangi yote niliyopaka. Nafasi ile ikachukuliwa na mwingine.

Kazi ilinichukua wiki mbili. Goti liliendelea kutikisika, usidhani nilitulia. Nilizunguka uani mara mia nikingoja rangi ikauke, lakini sikuigusa. Manyoya ya yule ndege niliyachokonoa moja moja kwa sindano. Mzee Kazungu alisimama akanitazama, akasema tu, "Sasa unafanya," akaondoka.

Siku ya harusi baba alimpapasa ndege tena. "Haya," akasema. "Tumpeleke bibi harusi." Zuhura akaketi nyuma na mashangazi, baba mbele, mimi nikaendesha hadi Mtwapa. Kilifi kwenye kivuko mzee mmoja aliliona gari akaita, "Baba Ndege!" na baba akatoa mkono dirishani, asijue aupeleke upande gani, mpaka yule mzee akaushika.

Wakati wa kurudi tulikuwa wawili tu. Tukasimama kwenye foleni ya feri. Baba akaniuliza, bila kunigeukia:

"Hebu niambie. Uso wangu umekuwaje?"

Miaka mitano alikuwa hajajiona. Nilitaka kumwambia hajabadilika, lingekuwa neno jepesi na la kufurahisha. Ulimi ukakataa.

"Umezeeka, baba. Nywele za mbele zimekwisha. Mashavu yameingia ndani. Umefanana na babu."

Akacheka, mabega yakimtikisika. "Babu yako alikuwa na sura mbaya sana," akasema. Akauweka mkono wake begani kwangu, ukakaa hapo mpaka tulipovuka.

Mwanangu, nakuona na wewe miguu yako haitulii. Sikukatazi kuwa hivyo, mimi mwenyewe ndivyo nilivyo mpaka leo. Ninachokuomba ni kwamba kazi ikikushinda useme imekushinda, na ukiharibu useme umeharibu, upesi, kabla mtu hajakuuliza mara ya pili. Hasa kwa yule asiyeweza kuhakikisha mwenyewe, awe mgonjwa, mzee au mtoto. Huyo amekukabidhi zaidi ya kazi. Na ukishamdanganya usingoje akusamehe kwa maneno. Rudia kazi yake mpaka mkono wake uridhike.

Mungu akupe moyo wa kungoja pale unapotakiwa kungoja, akuepushe na uongo mdogo unaofanana na kazi, na akujaalie watu watakaokula ulichowaandalia bila kumwuliza mwingine. Amina.