Iliki Katika Chakula cha Mfalme

Harufu ya majani ya msonobari yakipata mvuke hunitia hofu hadi leo. Ramadhani ile ya joto kali, nikiwa na miaka minane, kibarua cha baba cha udereva kilikuwa kimeota nyasi, na kibali chetu cha kukaa Doha kilitegemea jambo moja tu: Madam amkubali mama awe mpishi wake wa kudumu. Madam alikuwa Mkorea wa mtaa wa Al Thumama, aliyewaandalia wageni vyakula vya ikulu ya wafalme wao wa zamani. Angemkataa mama, sote tungerudi Mombasa. Shule zilitoka mapema, basi nilishinda jikoni kwake, nimetulia kama maji mtungini.

Siku ya majaribio ilikuwa sikukuu yao ya mavuno. Mama alifinyanga songpyeon, vikeki vya unga wa mchele vyenye umbo la nusu mwezi, akavijaza ufuta uliotwangwa na asali, akavipika kwa mvuke juu ya majani yale ya msonobari. Madam alikuwa na sharti moja: kama ilivyokuwa kwa mfalme, sahani haitoki jikoni kabla haijaonjwa. Mama alikuwa amefunga, mimi bado mdogo. “Onja, mwanangu,” alininong’oneza, na mlangoni wageni walikwisha kuanza kuvua viatu. Nikauma. “Mama, mbona kuna iliki?” Mama akashika kichwa. “Yarabi! Mkono huu umezoea mahamri!” Mazoea yana taabu. Iliki, kwenye chakula ambacho Madam alitaka kiwe kipole hata harufuni!

Nilimwomba kwa macho anyamaze. Wageni wangejuaje? Lakini mama alimwita Madam, akasema, “Samahani Madam, nimeharibu. Nimetia kiungo cha kwetu.” Madam akauma kimoja, akatafuna polepole mno, nami nilimchukia kwa kutafuna kule. Kisha akamwaga sinia zima pipani, akakunja mikono ya gauni lake la hariri. “Wageni watangoja,” akasema. “Kanda tena.” Wakakanda wote wawili, bega kwa bega. Mama alipata kazi. Magharibi alifungua kwa tende na maji, amesimama kando ya sinki, akilia.

Sasa mimi ni nesi katika Doha hii hii. Sheria imelegea, mtu huhama kazi bila kumpigia mwajiri magoti, na songpyeon zauzwa dukani zikiwa zimegandishwa. Hata hivyo, mkataba wangu ukikaribia kwisha, usingizi hunipaa. Juzi binti yangu alinikuta nikiusoma tena. “Mama, mbona waogopa bure?” Niliukunja, nikauweka kando. Nilifurahi kwamba haelewi.