Masizi Aliyoyafuta Mama Kioo

Kwanza tuelewane: Mama Kioo hakuwa mwosha magari. Kuosha magari waliachiwa wengine pale uwanjani, wenye mashine za maji na mabuti ya mpira, wanaomwaga povu juu ya paa na kudai wamemaliza. Yeye kazi yake ilikuwa mabomba ya ekzosi, yale ya kromu yanayochomoza chini ya magari makubwa ya kwendea porini, ambayo mwenye gari huyapenda kuliko hata injini yenyewe. Ukimletea bomba lililochoka, lenye tope la juzi na kutu ya mwaka jana, ulirudishiwa kitu ambacho ungeweza kunyolea ndevu ukijitazama humo. Ndipo jina la Kioo likamkaa, na lile alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye viganja vigumu na mdomo usiomwogopa mtu. Ofisi yake ilikuwa ndoo iliyopinduliwa na gunia lililotandikwa chini, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyethubutu kuikalia ndoo ile. Masharti yake hayakuwa na mjadala. La kwanza: bomba la moto haliguswi. Gari likifika, linapoa, na mwenye haraka aende akaoshe baiskeli. Alilipima joto kwa kusogeza mgongo wa mkono karibu, kama mtu anayempima mtoto homa, na asiporidhika alijimiminia chai huku mteja akitazama saa.

"Maji ya baridi juu ya kromu ya moto," aliwaambia, "yanaacha madoa ambayo hata malaika hawatayatoa. Kaa chini, unywe chai."

Likishapoa, alianza na sabuni laini, tope likilowekwa mpaka litoke lenyewe. Stilwaya ya kusugulia masufuria ilikuwa mwiko, maana inachana kromu, na penye mchano ndipo kutu inapopiga hodi. Vidoa vya kutu aliviondoa kwa kipande cha foili, ile ya kufungia chakula, anakichovya majini na kukizungusha kwa kidole pole pole mpaka wageni wakadhani anawachezea shere. Halafu ilikuja dawa ya kung'arishia kwa kitambaa cha fulana kuukuu, halafu kitambaa kikavu, na mwisho nta nyembamba ya kulikinga bomba na maji na vumbi. Nta hiyo aliipaka upande wa nyuma tu, kwa sababu karibu na injini huungua ikawa gundi ya kahawia. Hayo hakuyasoma popote. Aliyajua kwa kuharibu mabomba mawili matatu mwanzoni, na wenye mabomba hayo alikuwa bado anawaamkia kwa aibu.

Majivuno alikuwa nayo, tusimfiche. "Hakuna doa linalonipita mimi," alimwambia kila mteja, hata asiyeuliza. Na ilikuwa kweli, ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkasirikia.

Gari alilolipenda kuliko yote lilikuwa la zahanati. Tajiri mmoja mpenda mbio za porini alilichoka akaligawa, na zahanati ikalipokea kama lilivyo, pamoja na mabomba yake mawili ya kromu yanayopita chini ya milango na kutokea nyuma, yenye mngurumo wa kutawanya kuku kabla gari lenyewe halijaonekana. Watu walivunjika mbavu: gari la chanjo lenye maringo ya bwana harusi! Mama Kioo hakucheka. Binti yake wa pekee alikuwa muuguzi, na siku nne kwa wiki alisafiri nyuma ya gari hilo na masanduku ya chanjo kwenda makazi ya mbali. Mama mtu aliona haiwezekani mwanawe apelekwe kazini na kitu kichafu. Kila Ijumaa gari lilipoletwa, alilishughulikia kwanza, akilala chali juu ya gunia mpaka uvunguni, akifuta hata kule ambako jicho la mtu halitafika.

Kiangazi kilipoanza, binti akaanza kuumwa kichwa. Alirudi safarini uso umesawijika, akajitupa kitandani na viatu miguuni. Mama akampa maji, akasema ni jua, akamnunulia kofia. Wiki iliyofuata, yale yale. Binti akajipima malaria mara mbili, hana. Mama akamburuta kwenda kupima macho, yakakutwa mazima. Ilipofika wiki ya sita chakula kilikuwa hakipiti kooni mwa Mama Kioo, kwa kuwaza ni ugonjwa gani huu unaomkamata mtu Jumatatu na kumwachia Jumamosi. Alimzika mume kwa ugonjwa ambao nao ulianza hivyo hivyo, kidogo kidogo. Hakuwa tayari kumpoteza huyu.

Ijumaa hiyo gari liliingia uwanjani saa nne asubuhi. Dereva, bwana mmoja waliyemwita Honi kwa kuwa hakuweza kumpita mtu anayemfahamu bila kuibonyeza, alishuka akiwa mzima wa afya, akisalimia huku na huku. Mlango wa nyuma ukafunguka. Binti akatoka ameushikilia, akapiga hatua mbili, akatapika mtaroni.

"Mwanangu!"

"Kichwa, Mama. Leo kimezidi. Na si mimi peke yangu, wenzangu wawili tumewashusha zahanati, nao hoi."

"Mmekula nini?"

"Tumekula chungu kimoja na Honi. Mwangalie alivyo."

Honi akacheka. "Mimi nakaa mbele, dirisha wazi, upepo unanipiga. Wao huko nyuma wanajifungia utadhani wamebeba hela za benki."

"Vumbi, Honi! Tufungue tumeze vumbi?"

"Basi, yaishe. Mama, leo usilipoze sana. Saa nane tunaondoka tena, ng'ambo ya mto, saa tano nzima za njia. Daktari kasema."

"Na huyu naye?" Mama Kioo akauliza, ingawa jibu alilijua.

"Nami nimo, Mama," binti akasema. "Watoto wanatusubiri."

Wakamlaza kwenye benchi kivulini. Mama Kioo akamfunika kanga, akasubiri mabomba yapoe, kisha akajilaza kwenye gunia na kuanza kazi, maana moyo ukimchafuka mikono yake haikujua kitu kingine cha kufanya. Alikwenda akifuta mpaka katikati, pale bomba linapoungana na sailensa, chini kabisa ya viti vya nyuma. Doa jeusi lilikuwepo, kama Ijumaa zote za kiangazi hiki. Ni lami ya barabarani, ndivyo alivyojiambia siku zote. Akainua kitambaa.

Mkono ukagoma.

Lami haitoki kwa kitambaa kikavu. Lami inataka mafuta ya taa na ubishi wa nusu saa, na nani anayelijua hilo kuliko yeye? Doa hili alilifuta kila wiki kwa mpigo mmoja. Akaligusa kwa kidole. Lilikuwa laini, kavu, la ungaunga. Masizi! Masizi kama yale ya mdomo wa bomba kule nyuma, mahali moshi unapotokea. Sasa moshi ulitafuta nini hapa katikati, chini ya kiti cha mwanawe?



Akatoka uvunguni, akamwita Fundi. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, mwenye karakana upande wa pili wa uwanja, na ndiye aliyelikagua gari la zahanati kila Jumamosi asubuhi, baada ya yeye Mama Kioo kulimaliza. Fundi akaja akifuta mikono kwenye ovaroli.

"Kuna nini, shemeji? Umekutana na nyoka?"

"Honi, washa gari," akasema Mama Kioo. Injini ikanguruma. Akachota povu la sabuni kwenye ndoo, akarudi chini, akalipaka kwenye kile kiungio. Povu likatulia kidogo, halafu likaanza kutoa mapovu makubwa makubwa, moja baada ya jingine, kama uji unaochemka.

Fundi akainama, akatazama, akaguna. Kwa ule mngurumo wa kujidai, ni nani angesikia moshi unapiga mluzi hapo? "Kweli, panavuja. Lakini Jumamosi iliyopita nilipatazama kwa macho yangu haya, palikuwa safi. Hii imeanza wiki hii. Si kitu cha kututoa roho. Nakaza bolti hizi, waende, Jumatatu ijayo nalifungua."

Honi akafurahi. Binti akajikongoja kutoka kwenye benchi, akajifunga kanga kiunoni, akaelekea kwenye gari.

Na hapa ndipo ninapompenda Mama Kioo, na ndiyo sababu ya kuwachosha kwa habari za nta na foili. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila yeye na kitambaa chake. Angeweza kusema tu kwamba ana wasiwasi, akabembeleza, akalia kidogo, na Fundi angemwona mama mwenye hofu za kimama na kumpigapiga bega. Lakini aliiona hesabu nzima: kama doa ni la wiki hii, basi vichwa vya wiki sita vina sababu nyingine, na gari litaondoka saa nane. Na aliona pia waosha magari wote wamesimama kusikiliza, wale wale aliowasimanga miaka kumi na miwili kwa kupitwa na madoa.

"Shemeji, haikuanza wiki hii."

"Nakwambia nilipatazama mwenyewe."

"Ulitazama nilichokuachia. Mimi nilikuwa nafuta. Ijumaa zote, tangu mwanangu aanze kuumwa kichwa. Lilikuwa linakuja, mimi nalifuta. Nilidhani lami. Mimi, Mama Kioo, nilidhani lami."

Mtu mmoja akazima mashine ya maji. Hakuna aliyecheka, hata wale waliokuwa na haki ya kucheka.

Fundi alifungua mlango wa nyuma, akainua zulia la mpira chini ya viti. Kwenye sakafu palikuwa na tundu la kuingia dole gumba, lililopoteza kizibo chake, na upande wa chini wa zulia ulikuwa mweusi tititi. Akaligeuza zulia ili kila mtu aone.

"Gari haliendi," akasema.

Honi akaanza, "Sasa Daktari nitamwambia..."

"Mwambie haliendi."

Binti alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Muuguzi huyo, anayajua yaliyomo katika moshi wa gari. "Saa tano, Mama," akasema taratibu. "Madirisha yamefungwa. Tungesinzia, na Honi angedhani tumechoka." Honi aliyasikia hayo, akakaa chini pale pale kwenye maji machafu.

Mama Kioo akamshika binti yake mikono miwili. "Nisamehe, mwanangu. Kila wiki nilikupa maji, na kilichokuwa kinakuua nakifuta mwenyewe."

"Nyamaza, Mama."

"Sinyamazi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nyamaza, kichwa kinaniuma."

Chanjo zikarudishwa kwenye friji. Fundi alifungua bomba zima, akabadilisha gasketi ya kiungio, akaziba tundu, akakaa yeye mwenyewe kiti cha nyuma na kufunga madirisha huku Honi akilizungusha gari kwa saa nzima. Alipotoka alimfuata Mama Kioo kwenye ndoo yake. "Shemeji, fundi ni mimi. Nilipaswa kulala hapo chini kabla yako. Kuanzia leo likija, linaanzia kwangu na tope lake lote." Kwa mtu kama Fundi, ambaye hajawahi kukubali kosa tangu aoe, hiyo ilikuwa hotuba.

Gari liliondoka Jumatatu alfajiri. Mama Kioo alikuja kazini lakini kazi haikufanyika. Alilipaka bomba la mteja nta upande wa mbele badala ya nyuma, jambo ambalo wenzake walilisema kwa minong'ono. Jumanne alikaa tu. Jumatano, saa tisa mchana, honi ikasikika kuanzia kona ya kwanza mpaka ya mwisho.

Lilikuwa limechafuka kupita kiasi. Mabomba yote mawili yalivaa tope la mto, nene na bichi, huku maji meusi yakidondoka. Mama Kioo aliyapita bila kuyatupia jicho, akaufungua mlango wa nyuma kwa mikono yote miwili.

Binti alikuwa ameketi wima, anabishana na wenzake kwa sauti ya juu juu ya nani aliyesahau kopo la chai.

"Kichwa?" Mama akauliza. "Kichwa kinasemaje?"

"Kichwa kipo, Mama, juu ya shingo. Kinachouma ni tumbo. Tuna njaa sisi!"

Mama Kioo akarudi kwenye ndoo yake, akakaa, akajifunika uso kwa kitambaa cha fulana, akalia mbele ya uwanja mzima bila kumwonea mtu haya. Halafu akainuka, akamshika binti mkono, wakaenda kula. Tope likakauka juu ya kromu mpaka kesho yake.