Dakika ya Mate ya Mama

Enzi zetu pale Itetemia, dakika haikupimwa kwa saa. Ilipimwa kwa mate. Mama akikutuma alitema pu! kwenye vumbi, akasema, "Nenda dakika moja. Haya yakikauka hujarudi, utanitambua." Na jua la Tabora la mwezi wa kumi mnalijua wenyewe: mate yanakauka ungali unatafuta kandambili.

Siku moja Baba alikuwa anawahi treni ya Kaliua, akakae huko msimu mzima wa tumbaku. Moto umezimika, kiberiti kimekwisha, hajala. Mama akanipa kigae cha chungu nikachukue kaa la moto kwa Mama Kulwa, nyumba ya tatu. Shikamoo, marahaba, kaa likalazwa juu ya majivu, jekundu kabisa. Njiani nikawakuta wenzangu wanacheza rede.

"Ingia katikati wewe, dakika moja tu! Au unaogopa?"

Niogope nini? Nikaweka kigae kando ya ukuta. Na mie huyu, ambaye leo kuinuka kwenye kochi ni safari, siku ile sikuguswa na mpira wa soksi hata mara moja! Laiti ningepigwa mapema.

Nilipokumbuka, kigaeni mlikuwa na majivu matupu. Nyumbani, maji ya ugali yalikuwa baridi vilevile na Baba ameshaondoka. Mama hakunichapa. Alisema tu, "Baba yako anakusalimia. Kaenda na njaa yake." Heri fimbo.

Sasa njooni kwangu Mtendeni leo. Jiko la gesi, unazungusha kitufe, moto huo! Nimemwomba mwanangu Hamisi, jitu zima lenye ndevu, anibandikie chai tangu saa nne. "Dakika moja, Mama," macho kwenye simu. Adhana ya adhuhuri imeshapita, dakika yake bado mbichi. Nikimkumbusha: "Bi mkubwa, punguza presha bwana, naja." Anaja! Toka chumba cha pili!

Ningetema mate nimwoneshe, lakini sakafu yangu siku hizi inang'aa, hayatakauka, na mpiga deki ni mie mwenyewe.

Basi nimekaa, tumbo tupu, nangoja. Ndipo namwona Baba wa siku ile, mlangoni kwetu Itetemia, begi mkononi, filimbi ya treni inalia kule stesheni, naye anachungulia njia ninayotokea na kumwambia Mama, "Tumngoje dakika moja."