Ufagio Ulioshika Moto Hewani

Cheka ukitaka, lakini haya hayakunitokea usingizini. Nilikuwa macho, nimekunywa chai, na jua lilikuwa linachomoza upande wa Nyamasaria.

Kiwanda chetu hugeuza sukari ya mahindi kuwa utamu mwingine, ule wa dawa ya meno na peremende zisizoozesha meno. Maji mazito ya sukari huingizwa kwenye tangi pamoja na unga wa nikeli, kisha gesi ya haidrojeni husukumwa humo kwa nguvu. Gesi hiyo ni janja: ikivuja na kuwaka mchana, moto wake hauonekani. Ndiyo maana ukipita kwenye mabomba unatanguliza ufagio wa majani. Ukiwaka, unarudi.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka likizo, kumuuguza baba huko Sondu. Ukungu mwembamba wa ziwa ulikuwa umefika hadi kwenye mabomba, hewa yote tamu, nami naelea tu ndani yake. Ufagio? Niliusahau kabisa. Mbele yangu nikamwona Mama Akinyi, mfagiaji wetu, anafagia hewa taratibu. Nikamchekea. Alizoea kunitania kwamba haraka zangu zitanizika.

"Nyathina, simama hapo," alisema bila kugeuka. Mwanangu, ndivyo alivyoniita siku zote.

Nikasimama. Niamini, mbele yake hapakuwa na kitu. Ncha ya ufagio ikawaka. Nikageuka kuwaita wenzangu wafunge gesi, na nilipotazama tena, mama hayupo. Walikuta bomba limepasuka palepale.

Jumapili nikaenda kwake Katito na sukari na mkate, nimshukuru. Niliingia bomani nikicheka, nikimwita. Akatoka binti yake, Akinyi, akanitazama sana.

"Wewe ndiyo ule wa kiwanda? Mama tulizika wakati ulikuwa Sondu. Watu wanaingia hapa wakilia, na wewe unacheka."

Nililia palepale langoni, pakiti ya sukari mkononi. Nilimpenda yule mama, na sikuwahi kumwambia.

Hadi leo harufu ya tangi ikinipata, machozi hutoka yenyewe, na wenzangu wanadhani ni mvuke. Basi nisikilize: ukirudi kutoka safari, kabla hujamchekea mtu yeyote, uliza kwanza nani amezikwa.