Usukani wa Ndege wa Fundi Nikolausi

Fundi Nikolausi wa Basotu hakuwa na kawaida ya kukataa kazi. Redio, pasi, taa za sola, mashine za kunyolea, vyote vilipita mezani kwake. Kwa hiyo Loveness, dada mwenye kibanda cha gemu karibu na uwanja wa mnada, alipomjia na ombi lake, hakuona la kumshtua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo kimekufa nini?"

"Hakijafa kitu. Nataka unitengenezee usukani wa ndege."

Akamweleza. Kwenye kompyuta yake kuna gemu ya kurusha ndege, na vijana wanaipenda, ila kubonyezabonyeza vitufe hakuna utamu. Kwenye simu ameona wenzao wa mbali wanashika usukani kabisa.

"Na huo usukani unafanyaje kazi?"

"Ukiuzungusha, ndege inalalia upande. Ukiusukuma, inashuka. Ukiuvuta kuja kifuani, inainua pua."

Nikolausi akaweka kikombe chake cha chai mezani. Kisha akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Alipoondoka, chai ya mzee ilipoa kikombeni, hakuigusa tena.

Mwaka 1986, akiwa na miaka kumi na tisa, Nikolausi na kaka yake Tluway walikuwa washika bendera kwenye shamba kubwa la ngano. Siku za kupulizia dawa, mshika bendera alisimama mwisho wa shamba ili rubani aone mstari wa kufuata. Amri ilikuwa moja: usiondoke kwenye alama. Ndege itakuja chini, karibu kugusa masuke, na ikikukaribia rubani ataiinua ipite juu ya kichwa chako. Ndugu hao walipokezana mistari. Asubuhi ile ilikuwa zamu ya Tluway, na Nikolausi alisimama hatua ishirini pembeni, akisubiri mstari wake. Ndege haikuinuka. Tluway alikufa palepale bendera ikiwa mkononi.

Mchana wake msimamizi alimwita Nikolausi ofisini. Rubani alikuwa ameketi hapo, mgeni mwenye uso mwekundu, anatazama sakafu.

"Uliona rubani akivuta usukani?" msimamizi aliuliza, kalamu mkononi.

Nikolausi hakuwahi kuona usukani wa ndege, wala hakujua unavutwa kwenda wapi. Alichoona ni kichwa cha rubani kimegeuka upande, kimeinama, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kiti.

"Ndiyo," alisema.

"Na ndugu yako? Alizubaa, akaacha alama?"

Aliiogopa ofisi ile, aliwaogopa wale watu, na kazi yake aliitaka. "Ndiyo. Alizubaa."

Ikaandikwa hivyo. Kazi hakuikosa, aliifanya miaka minne zaidi. Tluway akazikwa kwao Endagikot, na kila aliyerudi kutoka msibani alisema maskini, lakini ndiyo hivyo, kijana hakuwa makini. Nikolausi naye akaanza kujiambia kwamba ndege ile ilikuwa imejaa dawa, ilikuwa nzito, isingeweza kupanda hata rubani angefanya nini. Alijiambia hivyo mpaka ikafanana na kweli.

Sasa akaanza kazi ya Loveness. Alichukua bomba jembamba la maji, akalitia ndani ya bomba nene, akalipaka grisi. Likawa linazunguka, na pia linaingia na kutoka. Mbele akafunga vishikio vya baiskeli. Akafungua pedi ya gemu iliyokufa vitufe, akatoa vijiti vyake vidogo, na mahali pake akalehemu nyaya za volyumu mbili, zile za kuzungusha kuongeza sauti, alizozitoa kwenye redio mbovu. Moja ilizunguka pamoja na bomba. Ya pili aliiviringishia uzi, ili bomba likivutwa nayo igeuke. Vipande vya tyubu ya baiskeli vilirudisha usukani katikati.

Mara ya kwanza alipoujaribu kwenye kompyuta ya Loveness, ndege ilishuka yenyewe bila kuguswa, kwa sababu mpira mmoja ulivuta kuliko mwenzake. Alikata, akapima, akakata tena. Hilda, mkewe, alimwambia hajawahi kumwona akikunja uso hivyo kwa kitu cha kuchezea.

Siku ya kuufunga pale kibandani, Loveness alimwachia kiti. Nikolausi aliirusha ndege, akaishusha juu ya shamba la kijani mpaka karibu na ardhi. Mbele kulikuwa na mti. Akasubiri, akavuta. Ndege ikapanda. Akarudi, akachelewa zaidi, akavuta. Ikapanda tena. Safari ya sita alichelewa mpaka majani yakajaza kioo chote, akavuta kwa mikono miwili, na bado ndege ikapita juu.

"Mzee, mbona unaufuata mti uleule?"

"Kwani ndege ya kweli nayo inapanda upesi hivi?"

Loveness akacheka. "Mimi nitajuaje? Hii ni gemu. Wameitengeneza mtu asishindwe haraka, acheze tena."

Nikolausi akaachia vishikio. Alikuwa ameingoja kompyuta imhukumu, au imwachilie, na dada huyu kwa neno moja alikuwa ameipokonya kiti cha hakimu. Wala hakuhitaji mizani yoyote ya uzito wa dawa. Tluway hakuacha alama, na rubani hakuwa anatazama mbele. Hayo aliyaona kwa macho yake, akiwa hatua ishirini tu.

Alhamisi alipanda gari la Haydom, akaunganisha mpaka Mbulu, akamalizia kwa miguu hadi Endagikot. Sara, mjane wa Tluway, alikuwa anachambua maharage uani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Wewe! Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja na maneno ya zamani."

Aliyasema yote, amesimama, kofia mkononi. Sara aliendelea kuchambua mpaka maharage ya ungoni yakaisha, ndipo akainua uso.

"Mwanangu Vicent alikuwa na miezi mitano wakati ule. Alipopata akili akauliza baba yake alikufaje. Nikamwambia alizubaa. Kila aliposahau kitu, kila alipovunja kitu, nilimwambia usizubae kama baba yako." Akauweka ungo chini. "Yuko kule kwenye viazi. Nenda ukamwambie mwenyewe."

Vicent, mtu mzima wa miaka karibu arobaini, alisimamisha jembe. "Shikamoo, baba mdogo." Akasikiliza bila kumkatiza. Nikolausi alipomaliza, Vicent alilaza jembe chini.

"Umri huu wote nimemwonea baba yangu aibu," alisema. "Wewe unakuja hapa Krismasi na Pasaka, unakula, unanibariki. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Asante kwa kusema. Lakini leo usilale hapa."

Sara alimpa uji, akaunywa upesi, akaondoka kabla jua halijashuka.

Miezi ikapita. Vicent hakupiga simu. Sara ndiye aliyepiga siku moja, akauliza habari za mvua, akauliza habari za Hilda. Halafu akasema, "Jumapili tulipotoka kanisani Vicent aliwapeleka watoto kaburini. Amewaambia babu yao hakuzubaa. Alisimama pale alipoambiwa asimame."

Nikolausi akauliza, "Na mimi, amesemaje?"

"Wewe hajakutaja," Sara alisema.